Mbingu ya Mjomba

Kila asubuhi, kabla ya kufungua studio, napanda njia ya nyuma ya shule mpaka juu kwenye lango bovu la ng'ombe, naegemeza kiwiko kwenye nguzo, napiga picha bonde. Bonde lile lile, kutoka pale pale. Wanaonikuta huko wameshanizoea. Wengine husema, "Umeamkaje, Bi Mawingu?" jina alilonibandika Mjomba. Wengine hugeuka kutazama kamera inaelekea wapi, wakikuta hakuna mtu, hakuna gari, hakuna ajali, wanatikisa kichwa na kwenda zao. Sijawahi kumweleza yeyote ninachokifuata pale. Mimi si mwepesi wa maneno. Chuoni nilisomea upigaji picha na uchapaji, na siku ya kuelezea kazi yangu ya mwisho mwalimu aliniomba niongeze sauti, niongeze sauti, mpaka akachoka, akainuka na kuja kukaa mstari wa mbele.

Asubuhi hiyo nilipofika langoni, wingu lilikuwa limenitangulia. Lilikuwa limekalia vilima vya ng'ambo, jeusi tii upande wa chini, na juu limepanda na kupanda mpaka limejikunja kama povu la maziwa yanayotaka kumwagika. Mahindi bondeni yalikuwa yamegeuka rangi, kijani cha chupa. Na katikati ya giza lote hilo kulikuwa na upenyo mmoja wa jua, mwembamba, unatembea. Uligusa bati la nyumba moja likawaka. Ukaliacha, ukagusa la pili.

Nikainua kamera. Nikavuta pumzi, nikabonyeza.

Kimya. Kwenye kioo chake kidogo kukaandikwa: hakuna kadi.

Nilifungua kifuniko, nikachungulia. Tundu tupu. Nikapekua mifuko yote, ya koti na ya mkoba, huku jicho moja liko bondeni. Upenyo ule uliruka mto, ukapanda kwenye mashamba ya kona, ukagusa bati la mwisho, ukazimika. Bonde lote likawa giza. Nilisimama nimeshika kamera kama mtu aliyeshika sufuria bila moto.

Kamera ile huguswa na watu wawili tu. Mmoja ni mimi. Nikashuka mlima karibu kwa kukimbia.

Studio ya Mjomba ni vyumba viwili. Cha mbele kina benchi la wateja, kioo, chanuo lililofungwa kamba lisiibwe, na msumari wenye koti moja na tai moja ya lastiki, ambavyo wanaume wote wa mji wetu wamevivaa kwa picha za vitambulisho, wanene kwa wembamba. Cha nyuma kina kompyuta na mashine ya kuchapa. Ukuta wa kulia ni mbao nyembamba, na ng'ambo yake yuko fundi cherehani, ambaye husikia kila kitu na hujibu kila kitu.

Mjomba alikuwa kwenye kompyuta, miwani imeshuka hadi puani, anaimba chinichini.

"Mjomba, umechukua kadi yangu?"

"Salamu kwanza. Au wingu limekula na adabu?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimeichukua. Njoo uone raha."

Nilisogea. Kwenye skrini kulikuwa na picha yangu ya Februari, na juu yake kulikuwa na kuku.

Inabidi nieleze habari za huyu kuku. Zamani, nikiwa bado mtoto wa kubebwa, Mjomba alipiga picha ya mbingu. Bluu safi, na mawingu meupe matatu, kubwa kati ya hayo limekaa kama kuku anayeatamia, shingo ameirudisha nyuma, mkia juu. Ni picha nzuri, siwezi kusema uongo. Kompyuta zilipoingia akajifunza kukata mbingu mbovu ya mteja na kubandika ile yake, na tangu hapo hakuna aliyepigwa picha nje na Mjomba akapata mbingu ya siku yake. Mji mzima umeolewa chini ya kuku yule. Watoto wamepata vyeti chini yake. Marehemu wanatutazama kutoka kwenye fremu, na kuku yuko juu ya bega. Watu hawajali, wengi hawajawahi hata kuweka picha mbili pamoja. Wanasema tu kwamba kwa yule fundi wa picha mtu hutoka vizuri.

Februari, lakini, nilikuwepo. Vumbi lilikaa hewani wiki nzima, na mbingu ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Ng'ombe walikuwa wamesimama katika nyasi zilizokauka, mbavu nje. Sasa walikuwa wamesimama vilevile, mbavu vilevile, chini ya mchana wa sikukuu.

"Mwenyekiti amepiga simu jana jioni," Mjomba alisema. "Haji tena Ijumaa, anakuja leo. Nikasema, huyu mtoto kahangaika mwaka mzima kupanda na kushuka, ngoja nimsaidie kuzisafisha. Tangu alfajiri niko hapa. Nimemaliza zote."

"Zote?"

"Miezi yote kumi na miwili. Kalenda imenyooka kama shati la fundi hapo jirani."

"Usinitie kwenye mambo yenu," fundi cherehani alisema kutoka ukutani.

Nilitazama ng'ombe. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja, ambacho hakikuwa kile nilichotaka kusema. "Mjomba, ng'ombe hawana vivuli. Jua kali hivi, na vivuli hakuna."

"Nani anatazama kivuli cha ng'ombe? Ni wewe tu, na ng'ombe mwenyewe."

"Na ng'ombe hana muda!" ukuta ukadakia.

Wakacheka wote wawili, yeye na ukuta. Mimi nikauliza picha zangu za mwanzo ziko wapi.

"Za mwanzo zipi? Ndizo hizi, zimeoga."

Hapo nikakumbuka anavyofanya kazi. Mjomba alijifunzia kwenye kompyuta iliyokuwa inajaa upesi kama kibaba, na mpaka leo hawezi kuweka kitu mara mbili. Akirekebisha picha, anahifadhi juu ya ile ile. Ya zamani inakufa. Na kadi akishaihamisha anaifuta papo hapo. Alinikabidhi, ameishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa zawadi. "Nimekusafishia na hii. Mpya kabisa."

Mkobani nilikuwa na diski yangu. Ndivyo walivyotufundisha chuoni: kitu unachokipenda kikae zaidi ya mahali pamoja. Miezi kumi na moja ilikuwa humo salama. Ila Desemba niliipiga juzi tu, na sikuwa nimeihamisha. Ukungu ulikuwa umejaa bonde kama maziwa kwenye bakuli, hakuna kilichoonekana ila ncha ya mti mmoja na moshi wa jiko moja, na moshi ule ulikuwa umesimama wima kama uzi. Nilingoja pale mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaomba Mjomba aifungue. Akaifungua. Ukungu umekatwa, moshi umekatwa nao, na kuku ametulia juu ya utupu.

Ukungu wa juzi huwezi kuurudia kesho. Hilo tu ndilo nililotaka kusema, na sikulisema.

"Nzuri, eh?" Mjomba alisema.

"Mh," nilisema.

"Kanuna," fundi cherehani akatoa taarifa. "Nasikia pumzi zake."

Niwe mkweli kuhusu Mjomba. Mama yangu aliponileta kwake nikiwa nimemaliza chuo na kazi hakuna, Mjomba hakuuliza najua nini. Alinipa ufunguo. Yeye ndiye aliyepeleka maombi ya kalenda kwa chama cha wakulima na kusema mpwa wake ataipiga, na jina la mpwa wake litaandikwa chini ya kila picha. Na huko langoni juu alikuwa anapanda mwenyewe zamani, kabla goti halijamgomea. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti changu, nikachukua diski mkobani, nikaishika mapajani. Ningemwambia nini? Asante kwa kuniua? Mtu ameamka alfajiri kwa ajili yako.

Lakini kila nikifumba macho namwona yule ng'ombe wa Februari akicheka na kuku.

Mwenyekiti akafika, na wingu nyuma yake.

Mwenyekiti wa chama cha wakulima ni mama mrefu anayevaa viatu vya mpira hata akija mjini, na huongea na kila mtu kana kwamba mtu huyo amechelewa. Alikung'uta miguu mlangoni, akajibu shikamoo yangu bila kunitazama, akakaa benchini chini ya chanuo.

"Haya. Nina haraka. Kunakuja kunyesha na nimeanika mahindi."

Mjomba alikuwa ameshachapa zote na kuzipanga kwa miezi. Akamwekea magotini kama mtu anayempa mzazi mtoto mchanga. Mwenyekiti akafunua Januari. Akafunua Februari, Machi.

"Safi," alisema.

Mjomba akanikonyeza.

"Aprili. Safi. Mei. Hii nzuri. Hii hata ofisini nitaiweka."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Kila mtu alikuwa ameridhika. Ilibaki mimi ninyamaze tu, jambo ninaloliweza kuliko yote duniani, na baada ya wiki mbili kila nyumba ya mkulima ingekuwa na jina langu ukutani.

"Si za kweli," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Tone la kwanza lilikuwa limeshaanguka juu ya bati, likafuatiwa na la pili, kisha likaja lote kwa pamoja, kama lori la kokoto limefunguliwa juu ya vichwa vyetu. Mjomba aliinuka kusukuma dirisha.

"Si za kweli," nilisema tena.

"Unasemaje?" Mwenyekiti aliweka mkono sikioni.

"Si za kweli!"

"Nini?"

"SI ZA KWELI!"

Sauti ile sikuijua. Ilitoka kwangu, ikagonga ukuta wa fundi, na cherehani upande wa pili ikakatika katikati ya mshono.

Mjomba aligeuka kutoka dirishani. "Mwenyekiti, msamehe," alipaza sauti juu ya mvua. "Shule imemwingia. Anaongelea mambo ya vivuli."

"Sijamaliza, Mjomba."

Nilikuwa sijawahi kumwambia hivyo. Alibaki na mkono kwenye komeo la dirisha. Mimi, kwa kuwa nimeshaharibu, nikaona niharibu vizuri. Nikaenda hadi benchini, nikachomoa Aprili, nikaiweka kando ya Februari, nikaweka na Oktoba.

"Tazama mbingu, Mwenyekiti. Tazama wingu hili kubwa. Na hapa. Na hapa."

Mwenyekiti alisogeza picha mbali na macho, akaisogeza karibu. Akachukua Juni, akachukua Agosti. Kisha akasema polepole, lakini kwa sauti ya kushinda mvua, "Huyu si kuku wa harusi ya binti yangu?"

"Ndiye!" fundi cherehani alipiga kelele. "Ndiye huyo huyo! Yupo na kwenye ya kwangu!"

"Mimi nilidhani siku ile tulibahatika hali ya hewa."

"Ilinyesha, mama. Gauni nililishona mimi, likarudi na tope hadi kiunoni."

Mwenyekiti alicheka, kicheko kifupi, akazirudisha picha magotini. Nikajua hajabadili nia. "Sawa, ni kuku. Ubaya wake uko wapi? Fundi wa picha anajua watu wanapenda nini. Binti, sikiliza. Wanachama wangu mwaka huu wameuona kwa macho yao. Unataka wautundike ukutani waendelee kuutazama wakinywa chai?"

"Ndiyo," nilisema.

"Ndiyo?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Kwa sababu wameuvuka." Ilibidi kila neno nilitupe kwa nguvu kama jiwe, maana mvua ilikuwa inayameza, na huenda hilo ndilo lililonisaidia, huwezi kuona haya na kupiga kelele kwa wakati mmoja. "Aprili mvua ya mawe ililaza mashamba yote. Nilikuwa pale juu. Juni yalikuwa yamesimama. Nani aliyasimamisha? Ukiifuta Aprili, Juni inakuwa majani tu. Kila mtu ana majani. Hii hapa inasema mwaka mzima jua liliwaka na wao walikaa. Hawakukaa. Na kama mnaitaka hivi, chapeni, lakini jina langu liondoeni chini yake. Liondoeni kila mwezi."

Mjomba alivua miwani. "Jina lako ndilo nililolipigania, mtoto wee."

"Najua, Mjomba. Ndiyo maana siwezi kuliacha hapo."

Sikungoja ruhusa. Niliingia chumba cha nyuma, nikachomeka diski, nikageuza skrini itazame mlangoni. Mwenyekiti akaja na viatu vyake vya mpira, akasimama nyuma ya kiti. Nikafungua Aprili ya kweli.

Ni picha ya kijivu. Mashamba meupe kwa mawe ya barafu, mahindi yamechanwa kama yamepitiwa na mbwa, na wingu linaondoka zake kilimani kana kwamba si lenyewe lililofanya. Pembeni kuna watu wadogo sana, kama punje, wamesimama shambani.

Mwenyekiti alisogea karibu na skrini.

"Shamba la kona ni langu," alisema.

"Najua."

"Fungua Juni."

Nikafungua Juni.

"Rudi Aprili." Nikarudi. "Nenda Juni." Nikaenda. "Rudi." Alinifanyisha hivyo hadi kidole kikachoka. Sikujua anatafuta nini. Mwishowe aliinama, akaweka kucha kwenye skrini, kwenye Juni, penye mstari mmoja wa mahindi mafupi kuliko mengine. "Haya tuliyapanda upya. Mume wangu alisema tunapoteza mbegu. Hebu angalia sasa." Akanyooka. "Chapa hizi. Wakilalamika nitawaleta hapa, uwapigie kelele kama ulivyonipigia mimi."

"Nami nitasikiliza bure," ukuta ulisema.

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuhesabu vidole kimoyomoyo.

"Hizi kumi na moja. Desemba iko wapi?"

Nilimtazama Mjomba, naye akatazama sakafu. "Desemba," alisema, "nimeifuta kwa bahati mbaya." Kisha akainua kichwa, na uso wake ukapata mwanga kidogo, ule wa muuzaji aliyekumbuka kuna kitu bado kabatini. "Lakini ya kuku ipo! Mwenyekiti, moja tu. Desemba ni mwezi wa kufunga mwaka, watu wanataka kufurahi. Moja tu, iwe ya kuku."

"Moja haina madhara," Mwenyekiti alisema, akanitazama.

Moja haina madhara. Mjomba alikuwa ameshaweka mkono juu ya kipanya cha kompyuta, ule mkono wenye kucha zilizobaki na rangi ya kahawia tangu enzi za kusafisha filamu kwa dawa. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba lifti. Nimekula kwake, nimelala kwake nikiumwa, ameniamini na ufunguo. Mdomo wangu ulishafunguka kusema haya, Mjomba, iwe hivyo. Ningeweza. Picha moja kati ya kumi na mbili, nani angetazama kivuli?

Ningetazama mimi.

"Hapana," nilisema. "Hata moja."

"Basi utaacha ukurasa mtupu?" Mjomba aliuliza. Safari hii hakuwa na mzaha wowote.

"Desemba iko nje, inanyesha."

Nikaitia kamera ile kadi yake mpya kabisa. Nikachukua mfuko wa nailoni tunaowekea wateja picha zao, nikautoboa kwa kidole, nikauvalisha kamera lenzi itokee kwenye tundu. Nikatoka.

Barazani kulikuwa kumejaa watu waliojibanza, wakawa wananitazama kama wanavyotazama mtu anayeenda kinyume na msafara. Kutoka pale bonde halionekani. Ila ukishuka hadi katikati ya barabara, mbele kabisa, kati ya duka la misumari na mashine ya kusaga, kuna mwanya, na katika mwanya huo bonde lote liko kama limesimamishwa kwa ajili yako. Nilishuka. Maji yaliniingia viatuni kwa ubaridi wa kisu. Mvua ilikuwa imeshona mbingu na mashamba mpaka hujui mshono uko wapi, na katikati ya kijivu hicho barabara yetu ilikuwa mto, na mtu mmoja alikuwa anavuka huku ameshika viatu mkononi, anacheka peke yake.

Nikabonyeza. Kamera ikalia. Nikabonyeza tena.

"Utaugua!" ilikuwa sauti ya Mjomba. Alikuwa amejipenyeza hadi ukingo wa baraza, nyuma yake Mwenyekiti na fundi cherehani, huyu wa pili na futi shingoni.

"Nimeshalowa tayari!"

"Punguza kasi ya kamera! Usiigandishe mvua! Acha maji yachore mistari!"

"Najua!"

"Najua unajua!"

Nikapunguza. Nikapiga nyingine. Maji yalikuwa yananitiririka mgongoni, kope zimejaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hasira yangu ilikuwa imekaa mahali pamoja, ninaweza kuishika. Nikageuka, nikamtazama kupitia mvua.

"Mjomba! Picha zangu zilikuwa na ubaya gani?"

"Biashara, mpwa wangu! Wateja wanapenda jua!"

"Mwenyekiti kazipenda bila jua! Umemwona! Zilikuwa na ubaya gani?"

"Zilikuwa..." Akatazama watu wa barazani, akacheka kidogo, hakuna aliyecheka naye. "Zilikuwa na giza!"

"Mjomba, hujanijibu!"

"Mjibu mtoto," Mwenyekiti alisema nyuma yake.

"Siingii ndani mpaka unijibu! Nitakaa hapa hapa!"

Alikanyaga tope. Sijui kama alijua amelikanyaga. Alishuka kwenye baraza na goti lake bovu, viatu vya ngozi na yote, akasimama mvuani hatua chache kutoka kwangu, mashati yetu yamegandamana na ngozi, na ili nimsikie akaweka mikono miwili mdomoni kama mtu anayeita mtu wa ng'ambo ya mto.

"Hazikuwa na ubaya! Hata moja! Nimezipitia zote leo alfajiri, moja baada ya moja! Natafuta kosa, silioni! Natafuta cha kukufundisha, sikioni! Hazina ubaya, wala hazina mimi!"

Akavuta pumzi ya kuendelea. Mvua ikakatika. Ilikatika kama inavyokatika wakati mwingine, ghafla, kama mtu amefunga bomba. Mabati yakanyamaza mtaa mzima, na barazani watu waliokuwa wanaongea kwa kupaza sauti wakajikuta wananong'ona. Lakini Mjomba alikuwa ameshaijaza sauti yake kifuani, na haikuwa na pa kurudi. Ikatoka yote, ikasikika hadi mashine ya kusaga.

"Nilitaka na mimi niwemo!"